Ditekta moja ya kazi zote: ipi ununue ukiachana na mashine ya dhahabu tupu

Nikiwa na mwaka wa tatu na mashine yangu ya dhahabu, yaani ditekta ya kutafutia metali ardhini, jirani aliniomba nimtafutie bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja chake. Greda la barabara lilikuwa limeifukia. Bikoni ya saruji huwa na kipande cha nondo katikati, kwa hiyo nikaona kazi ya dakika tano. Nikavaa hedifoni, nikapitisha koili, ile sahani ya chini ya mashine, mara mbili, mashine ikaanza kulia kama ving'ora vya msafara wa mkubwa. Tukachimba: msumari. Kisoda. Waya wa kufungia nondo. Kipande cha bati. Kisoda tena. Mashimo kumi na saba, mama mwenye nyumba amesimama mlangoni anatuangalia tu, na mwishoni bikoni tukaipata kwa futi kamba kutoka kwa bikoni ya jirani wa pili.

Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa ya palsi, yaani inapiga mkupuo mfupi wa umeme wenye nguvu kwenye koili, inanyamaza, halafu inasikiliza chini kunajibu nini. Kwa kufanya hivyo inaweza kuzimeza kelele za udongo mwekundu wenye chuma na kushuka chini sana. Gharama yake ni kwamba haikuambii kwa uhakika kilichoko chini ni chuma au dhahabu. Ukiwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, kwenye pori la Matundasi au Itumbi, hilo halikusumbui, maana kule unachimba kila kinacholia na kipande kimoja kinalipa misumari yote. Ukiwa Mbezi kwenye kiwanja cha mtu, umeumia.

Mwongozo huu ni wa mtu kama mimi wa siku ile: ana mashine ya dhahabu, au anataka kununua ya kwanza, lakini kazi zake zimechanganyika. Kiangazi anakwenda porini. Akirudi anaitwa kutafuta bikoni, bomba lililofukiwa, pete ya ndoa iliyopotea ufukweni Kigamboni. Anataka mashine moja. Mtu anayeishi kwa dhahabu peke yake asinisikilize, abaki na palsi yake.

Kabla ya majina, udongo

Ditekta za kawaida, zisizo za palsi, hutuma mawimbi mfululizo. Masafa ni kasi ya mawimbi hayo kutetema, hupimwa kwa kilohezi. Masafa ya chini, kilohezi 5 au 10, yanaona vizuri vitu vikubwa na sarafu za fedha na shaba. Masafa ya juu, kilohezi 40 na kuendelea, yanaona punje ya dhahabu ya pointi mbili tatu (pointi ni sehemu ya kumi ya gramu) ambayo masafa ya chini yangeipita kimya. Lakini masafa ya juu nayo yanachanganywa haraka na udongo wenye chuma na mchanga mweusi.

Kuna na chumvi. Mchanga uliolowa maji ya bahari unapitisha umeme, kwa hiyo mashine ya masafa mamoja inaiona pwani nzima kama sahani moja ya metali. Utaipunguza makali mpaka itulie, na ikitulia imeshakuwa kiziwi. Mashine ya masafa mengi kwa wakati mmoja inalinganisha majibu ya masafa yote, inajua hiki ni chumvi na hiki ni pete, inaitoa chumvi kwenye hesabu. Ndiyo maana nne za kwanza kwenye orodha yangu ni za masafa mengi. Sioni namna ya kuiita mashine "ya kazi zote" katika nchi yenye pwani ndefu kama yetu kama haiwezi kusimama kwenye mchanga wa maji.

Ya kwanza: Minelab Equinox 900

Ina hali tofauti, yaani mipangilio ya kuchagua kulingana na kazi: za bustani, shamba, ufukwe na dhahabu, na hiyo ya dhahabu ni ya kweli. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa: ndugu yake, Equinox 700, anafanana naye kama pacha na bei yake ni nafuu, lakini hana hali ya dhahabu. Muuzaji akikuambia "ni ile ile, tofauti ni rangi ya hedifoni", mshukuru, uondoke.

900 inauzwa na koili mbili, ya inchi 11 na ya inchi 6. Watu huitupa ile ndogo stoo. Mimi nasema ndiyo inayoifanya hii kuwa mashine ya mji na pori. Penye takataka nyingi, koili kubwa inaona misumari mitatu na pete moja kwa mpigo mmoja na kukupa jibu la vurugu. Ndogo inaviona kimoja kimoja. Kwenye mashimo ya zamani ya wachimbaji, katikati ya mawe, ndogo inaingia ambako kubwa inagonga ukingo. Uzito wake ni kilo moja na robo hivi, tofauti kubwa kwa bega lililozoea palsi. Inazama maji hadi mita 5. Betri imo ndani, unachaji kwa waya wa USB, hata kwenye sola ya kijijini.

Udhaifu wake usiufiche moyoni: kwenye ardhi nyekundu yenye mawe ya chuma haiendi chini kama palsi. Kipande ambacho mashine yangu ya zamani ingekidaka, hii inaweza kupita juu yake ikiimba nyimbo zake. Tena namba zinazotokea kwenye kioo si kitabu kitakatifu. Dhahabu ndogo na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara zinakaa namba za jirani. Ukianza kuacha namba za chini ili usisumbuke na takataka, umeiacha na dhahabu.

Ukipata Equinox 800 iliyotumika, ya kizazi kilichotangulia, ichukue bila aibu. Hali ya dhahabu inayo. Maji yake yanaishia mita 3, na kwa anayetafuta pete za wachumba ufukweni hizo zinatosha.

Ya pili, au ya kwanza kama mfuko ni mwepesi: Nokta Legend

Inatengenezwa Uturuki. Ina masafa mengi, ina hali ya dhahabu, inaweza kubanwa kwenye masafa mamoja hadi kilohezi 40, na inaingia majini. Kwa bei za Marekani, kabla ya nauli na ushuru, Equinox 900 inazungukia dola 1,000, na Legend inakuja chini yake kwa pengo linalotosha kununua pinpointa (kile kijiti cha kuelekeza ndani ya shimo), sepetu nzuri na nauli ya kwenda Makongolosi na kurudi. Nimeiweka ya pili kwa sababu ndogo: mimi naona 900 inatulia mapema zaidi kwenye ardhi ngumu, na mgeni ataizoea upesi. Mtu mwenye subira ya kukaa na vitufe vya Legend wiki mbili hatanielewa ninachosema, na huenda yeye ndiye atakuwa sahihi. Hakikisha tu unanunua kifurushi chenye koili ndogo.

Ya tatu: XP Deus II

Mfaransa huyu ni mwepesi ajabu, hafiki kilo moja, na kati ya misumari yenye kutu sijaona mwenye kasi kama yake. Msumari, sarafu, msumari, vimepangana kama wanafunzi mstarini, yeye anakutajia sarafu. Anazama hadi mita 20, kwa hiyo mzamiaji hana haja ya kutafuta mwingine. Hali ya dhahabu anayo pia.

Tatizo langu naye ni la kijijini. Koili ina betri yake, kidude cha mkononi kina chake, hedifoni zina chake, na kila kimoja kinataka chaji. Sehemu hizo zinazungumza kwa redio, na redio haipiti majini, hivyo ukizama unahitaji kufunga waya maalumu wa antena. Kwa mtu wa Dar mwenye umeme ukutani hilo si neno. Kwa mtu anayelala kambini akigombea soketi moja na simu thelathini, ni neno.

Manticore, pia ya Minelab, naiweka ya nne bila kumwonea mtu. Ni Equinox iliyosoma zaidi, kioo chake kinakuchorea ramani ya kilichoko chini badala ya namba peke yake. Lakini bei inapanda sana, na kwa kazi zilizochanganyika pesa ile ya ziada sijaiona ikirudi.

Ya tano ni ya mwanafunzi: Minelab X-Terra Pro au Nokta Simplex. Masafa mamoja, bei nafuu, zinaingia majini. Bikoni, mabomba, sarafu, funguo zilizoanguka kwenye nyasi, zinaweza vizuri kabisa. X-Terra Pro inaishia kilohezi 15, kwa hiyo dhahabu ya pointi tatu iondoe kwenye ndoto zako.

Zilizobaki nje ya orodha

Gold Monster 1000 ya Minelab inasifiwa na inastahili. Kilohezi 45, inajirekebisha yenyewe, mtu asiyesoma anaishika asubuhi na mchana anafanya kazi. Ila ni ya dhahabu tu. GPX 6000 na GPZ 7000, nazo za Minelab, ni wafalme wa porini, na ya pili ina zaidi ya kilo tatu za kukuvunja mgongo. Ya kwanza inagharimu zaidi ya dola 5,000. Ukiwa nazo usiziuze kwa hamaki kwa sababu umesoma makala hii.

Vile vifaa vyenye fimbo mbili za antena, "vinavyoona dhahabu umbali wa mita mia tano", ni utapeli. Hakuna la kuongeza.

Mali za Mjerumani

Kila baada ya wiki mbili ananipigia mtu akitaka mashine ya kuonea mali za Mjerumani. Ana ramani, ana babu aliyesimulia, ana mti wenye alama ya mshale. Ninachoweza kumwambia kwa hakika ni hiki: mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani waligonga sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli ya Lulanguru. Zilikuwepo heller 20 za shaba, na zilikuwepo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, dhahabu yake ikitoka Sekenke, Singida. Kwa hiyo hadithi ina mzizi. Ila anayepita na koili kwenye makazi ya zamani hukutana zaidi na heller za shaba.

Kwa kuokota sarafu Equinox, Legend na Deus II zote zinatosha. Lakini usiende nazo Kilwa Kisiwani, Songo Mnara wala kwenye magofu yoyote. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kufukua maeneo hayo bila kibali ni kosa. Dhahabu nayo ina njia yake: leseni ndogo ya uchimbaji, au makubaliano na mwenye leseni, kisha soko la madini. La kwanza lilifunguliwa Geita mwaka 2019, na sasa wa Chunya wanalo lao.

Siku ya kununua

Usikubali kujaribu mashine juu ya kaunta, pete ikipitishwa hewani. Hewani kila ditekta ni bingwa, halafu taa za dukani na simu za watu zinaipigia kelele. Mimi naenda na mfuko wa rambo wenye kilo mbili tatu za udongo kutoka ninakofanyia kazi, kadi niliyogandisha punje ya dhahabu ya pointi mbili, kisoda kimoja na msumari wa inchi tatu. Naumwaga udongo nje ya duka, nafukia kadi kina cha kidole, nasawazisha mashine na ardhi, napitisha. Halafu naweka msumari kando ya kadi, napitisha tena. Muuzaji anayekasirishwa na udongo wako anakuambia jambo.

Bandia zimejaa, hasa za Minelab, na kampuni yenyewe imetoa tahadhari. Niliwahi kulizwa na duka moja mjini: boksi safi, stika zinang'aa, mashine inalia vizuri kwa siku nane. Ya tisa ikanyamaza. Nilipoingiza namba yake kwenye tovuti ya mtengenezaji, haikutambulika. Sasa naiandikisha namba nikiwa bado nimesimama dukani, pesa bado ziko mfukoni mwangu. Anayeagizia Dubai kupitia ndugu amwombe picha ya namba kabla ya kulipa, maana kurudisha mzigo kutoka huku ni safari nyingine.

Weka bajeti ya pinpointa, kwa sababu bila hiyo nusu ya siku inaishia kuchekecha udongo kwa vidole. Bandika sumaku kwenye mpini wa jembe. Misumari itakurukia yenyewe. Na ukichukua Equinox au Legend, nunua waya wa pili wa chaji siku hiyo hiyo. Hauingii kwenye tundu kama wa simu, unanasa kwa sumaku, na ukiupoteza Lupa Tingatinga hakuna duka la vifaa vya simu litakalokusaidia.