Garmin eTrex 10 kwa mnunuzi wa kiwanja Dodoma: tathmini

Wanunuzi wengi wa viwanja vya pembezoni mwa Dodoma, kuanzia Nala hadi Ihumwa, hukabidhiwa na dalali karatasi yenye koordineti (namba za mahali) za bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Kwa kazi ya kuzifuata koordineti hizo hadi uwanjani, eTrex 10 inatosha kabisa, mradi mtumiaji airekebishe kwanza. Ni kifaa kidogo cha GPS cha mkononi kinachotumia betri mbili za AA, chenye kioo kisicho na rangi ambacho husomeka vizuri hata kwenye jua kali la saa saba mchana.

Kifaa hiki hutoka kiwandani kikiwa kwenye datumu (msingi wa kuhesabia koordineti) ya WGS84, ilhali ramani nyingi za upimaji nchini zimechorwa kwa Arc 1960, datumu iliyojengwa juu ya elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu) ya Clarke ya mwaka 1880. Ukiingiza namba za Arc 1960 bila kubadili mpangilio, kifaa kitakupeleka karibu mita 300 kaskazini na takribani mita 80 magharibi mwa kiwanja chako, yaani mtaa wa pili, tena bila onyo lolote. Jambo la kufurahisha ni kwamba Arc 1960 imo kwenye orodha ya datumu, katika ukurasa uleule wa kuchagua UTM, mfumo wa koordineti za mita unaoigawa dunia katika kanda. Karatasi isiyotaja datumu irudishwe kwa aliyeitoa.

Mjini Dodoma kioo huandika 36 M, ambapo 36 ni kanda ya UTM na M ni ukanda wa latitudo. Wala si mita. Ukielekea Kongwa unavuka longitudo ya nyuzi 36, na namba ya mashariki (mita za kuelekea mashariki) inaporomoka ghafla kutoka zaidi ya 830,000 hadi chini ya 170,000. Kifaa hakijaharibika: umeingia kanda ya 37, na chenyewe hubadilisha bila kuombwa.

Kwa mgogoro wa mpaka, hata hivyo, sikipendekezi. Kosa lake la kawaida ni mita tatu au zaidi, na ubadilishaji wake wa datumu hutumia wastani wa eneo kubwa, hivyo kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 25 unaweza kujikuta umesimama ndani ya ukuta wa jirani. Kazi ya kufufua bikoni, yaani kuzirudisha mahali pake, apewe mpima aliyesajiliwa, mwenye vifaa vya kupima kwa sentimita.