Uzoefu wangu na ofisi ya pamoja Kirumba: meza nzuri, ukuta mwembamba

Kama unatafuta meza ya kufanyia kazi Mwanza na umechoka kugombea sebule na watoto, ofisi hii ya Kirumba inafaa. Nalipia meza ya mwezi tangu vuli iliyopita na sina mpango wa kuhama. Kama unachotaka ni kukodi ukumbi wao kwa shughuli, nisome mpaka chini kabla hujatuma amana. Meza na ukumbi viko chini ya paa moja, lakini ni huduma mbili zinazogombana, na wenye jengo bado hawajajua namna ya kuzipatanisha.

Mimi nasanifu lebo na vifungashio. Wateja wangu wengi ni wasindikaji wadogo wa dagaa, asali, mchele na karanga. Kwa kazi hii Kirumba ndipo penyewe, kwa sababu soko la Mwaloni liko jirani kabisa, lile ambalo dagaa wake wanasafiri mpaka Kongo. Mteja akishapakia mzigo wake anapanda ofisini na kifuko cha sampuli mkononi, tunapima, tunachagua rangi, tunamaliza. Nikiwa nyumbani Nyakato mambo hayo yalikuwa yanachukua siku nzima, na nauli juu. Mtaa wenyewe umejaa watu wa kazi za mikono na za sanaa: mafundi cherehani, wachora mabango, vijana wa studio za muziki, wapiga picha za harusi. Nikihitaji picha ya bidhaa, nashuka ngazi tu.

Jengo lilikuwa ghala. Wamelipiga rangi nyeupe, wakasakafia upya kwa simenti, wakaliacha paa la mabati na madirisha yake ya juu yanayoingiza mwanga mwingi. Nusu ni meza, nusu ni ukumbi. Katikati wameweka ukuta wa plaiwudi ambao haufiki juu. Ukuta huo ukumbukeni, nitaurudia.

Bei nilizolipa ni hizi: meza ya siku shilingi 10,000, meza ya mwezi 150,000, chumba kidogo cha mikutano 15,000 kwa saa. Kwenye malipo ya mwezi kuna intaneti, maji ya kunywa na kabati lenye kufuli. Kuchapa na fotokopi unalipia mwenyewe. Unalipa kwa lipa namba na risiti ya EFD inatoka hapo hapo bila kuidai, na kwa sisi tunaopeleka mahesabu TRA hilo si dogo.

Sasa umeme, maana hapa mjini ndicho kitu cha kwanza cha kuuliza. Mvua zikianza kunyesha hukatika bila taarifa. Hawa wamefunga inveta na betri zinazobeba soketi za meza, taa na ruta. Ukikatika, laptopu haishtuki wala intaneti haipotei. Feni ndizo zinazozimika, hivyo mchana wa joto unatoka jasho, lakini kazi inaendelea. Nimewahi kutuma kwa mchapaji wa Dar faili zito la gigabaiti moja na ushee huku mtaa mzima hauna umeme, likafika kabla sijamaliza chai. Kwa mtu ambaye amewahi kupoteza oda kwa sababu bando liliisha usiku, hapo tu pesa yangu imerudi.

Kuhusu pa kukaa, msichague kwa kuangalia ziwa. Madirisha ya upande huo yanatazama magharibi. Upepo wa ziwani unaanza kuingia mchana na ni mtamu kweli, lakini kuanzia saa tisa jua linapiga moja kwa moja kwenye skrini na huoni tena tofauti ya kahawia na nyekundu, jambo ambalo kwa msanifu ni kazi kuharibika. Meza za nyuma nazo zimeegemea jabali. Asubuhi kuna ubaridi mzuri, ila jiwe likishashiba jua linautoa ule moto jioni nzima. Mstari wa katikati ndio wa kushika: upepo unafika, jua halifiki. Mvua kubwa ikinyesha, ukikaa popote hutasikia simu. Mabati ni mabati. Na kuna majira wale wadudu wadogo wa ziwani wanapanda kwa wingi kama moshi. Taa zikiwashwa jioni wanajaa kwenye meza, na madirisha hayana nyavu. Nyavu za madirisha si gharama ya kumshinda mwenye jengo hili.

Vyoo ni visafi mchana na maji hayakosekani kwa sababu kuna tangi. Usiku wanafunga saa mbili. Kwa akina dada wenzangu niseme hili: mlinzi wa pale ni mzee mwenye heshima zake, ukimwamkia anaitika na kukuuliza unaelekea wapi, kisha anakwambia, “Subiri, binti yangu, nikuitie kijana ninayemjua.” Bodaboda anayeitwa na yeye hakusumbui kwa bei. Sijawahi kutoka pale nikiwa na wasiwasi.

Tatizo ni ukumbi. Alasiri na jioni unakodishwa, na wateja wake wakubwa ni vikao vya harusi. Sina neno na vikao vya harusi, ndugu zangu wameolewa kwa vikao hivyo hivyo. Ila jaribu kuongea na mteja wa nje kwa simu wakati upande wa pili wa plaiwudi mshereheshaji ameshika maikrofoni: “Baba mkubwa wa bwana harusi, laki tano! Ahadi au taslimu?” Halafu vigelegele. Mteja wangu mmoja wa Bukoba aliniuliza kama niko kwenye mnada. Kuna kijana anayefanya tafsiri, meza ya tatu kutoka kwangu, siku za kikao anafunga laptopu saa kumi na kuondoka, na ada yake ya mwezi ni ileile ninayolipa mimi. Siku timu yetu ya mpira, Pamba Jiji, ikicheza uwanja wa CCM Kirumba kelele zinatoka nje, hizo za mji na tunazivumilia kwa furaha. Za ukumbi zinauzwa na mtu yuleyule aliyetuuzia utulivu.

Dar es Salaam wameanza mambo haya mapema. Nafasi Art Space kule Mikocheni ipo tangu 2008, na Buni Hub, kituo cha ubunifu cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), tangu 2011. Nafasi nimewahi kufika: studio za wasanii na sehemu ya maonyesho viko kiwanja kimoja, lakini kila kimoja kina pahali pake, anayechora hasumbuliwi na anayepiga gitaa. Mwanza tuna watu wa kujaza sehemu kama hiyo, tena wengi. Ninaandika kwa urefu hivi kwa sababu nataka hii ya kwetu isimame.

Na ukumbi wenyewe nimeukodi. Nilitaka kuendesha darasa la siku moja kuhusu lebo kwa akina mama wanaokausha dagaa Igombe. Tarehe niliichagua kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka sawasawa taa hazivuti samaki vizuri, mitumbwi inapumzika siku kadhaa, na akina mama wanakuwa na nafasi. Nje ya siku hizo, alfajiri wako mwaloni wakinunua, mchana wako kwenye chanja wakigeuza. Nikalipa mapema: nusu siku 250,000 na amana 100,000.

Siku chache kabla, dada wa mapokezi akanipigia. Tarehe ile ilikuwa imeuzwa mara mbili.

“Dada, si tusogeze wiki moja tu mbele? Hawa wa kikao wameshatangaza.”

“Wiki ijayo mwezi unachelewa kutoka, mitumbwi imesharudi ziwani. Mama zangu wote watakuwa wanaanika.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kweli. Mimi kwetu Ukerewe, naelewa.” Akahangaika mwenyewe, akawahamishia wale wa kikao jioni, akanipigia kunithibitishia. Huyo dada anastahili nyota zote tano. Lakini kuuza tarehe mara mbili ni matokeo ya kuandika oda kwenye daftari moja na simu mbili tofauti, na hilo si kosa lake.

Darasa lenyewe lilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea, na ukumbi ulichangia. Meza zina magurudumu, tukazipanga mviringo. Mwanga wa madirisha ya juu ulitosha, projekta sikuiwasha hata mara moja. Nilikuwa nimebandika sampuli za lebo ubaoni, za karatasi ya kawaida ya kaki na zenye utando wa plastiki juu. Mama mmoja wa makamo akabandua ile ya kaki, akaingiza kidole gumba kwenye mfuko wa dagaa wake wa kukaanga, akaisugua lebo taratibu. Wino wote ukahamia kidoleni. Akaniinulia dole gumba jeusi, “Mwanangu, hii hata Shinyanga haifiki.” Akajaribu ya pili, ikagoma kufutika. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kueleza kwa nini bei ya lebo mbili hizo inatofautiana. Waliulizana wenyewe, kila mmoja akijaribu kwa kidole chake, na mazungumzo yakahamia kwenye alama ya ubora ya TBS, tarehe ya kuisha muda na wapi pa kuweka uzito. Kwenye kiti cha baa au chini ya mti nisingeweza kufanya vile. Ilihitaji meza, mwanga na mahali ambapo mama anaingia na kifurushi chake bila kutazamwa vibaya.

Ndiyo maana kilichofuata kiliniuma. Umeme ulikatika baada ya chai. Ile inveta haihudumii ukumbi, ukumbi una jenereta yake. Wakaiwasha, na mwisho nikapewa ankara ya mafuta, 40,000, ambayo haikuwa kwenye makubaliano. Amana nayo nilirudishiwa baada ya kufuatilia sana, ikiwa imekatwa 30,000 za “usafi maalumu” kwa sababu ya harufu ya dagaa. Sakafu ni ya simenti, akina mama waliifagia na kuideki wenyewe kabla ya kuondoka, niliwaona. Na ukumbi uko Kirumba, pua na mdomo na soko la dagaa! Upepo ukigeuka jengo lote linanukia Mwaloni na hakuna anayetozwa. Dagaa ndiye anayelisha mtaa huu. Ukumbi unaomtoza mama wa Igombe kwa sababu ya harufu ya kazi yake, halafu unapokea sahani za pilau na bia za watu wa kikao bila neno, unachagua nani awe mgeni wake. Nilimwandikia meneja hivyo hivyo. Alijibu kwa heshima kwamba atalizungumza na mwenye jengo. Bado nasubiri.

Kwa hiyo ukikodi ukumbi, andikishianeni. Uliza mafuta ya jenereta yanalipwa na nani, uliza amana inakatwa kwa kitu gani na inarudi lini, piga picha sakafu na viti kabla na baada. Kama shughuli yako ni onyesho la muziki au sanaa, vibali vya Baraza la Sanaa (BASATA), afisa utamaduni wa Manispaa ya Ilemela na mambo ya hakimiliki ya COSOTA unashughulikia wewe; wao wanakupa chumba tu. Chakula unaruhusiwa kuleta cha nje, na kuna mama lishe chini ya ngazi anayepika sato wa mchuzi na ugali mzuri sana, ukimpa oda mapema analisha watu wote kwa bei ya kueleweka.

Meza naipa nyota nne na nusu. Ukumbi, mbili.

Kwa wasimamizi, kwa kuwa najua mnasoma maoni haya: ukuta ule upandisheni mpaka kwenye mabati na mjaze sufi ya kuzuia sauti katikati. Kabla hamjapata pesa hiyo, bandikeni ratiba ya ukumbi mlangoni kila Jumatatu asubuhi, ili mwenye simu na mteja ajue siku ya kubaki na siku ya kuondoka mapema. Vikao vya harusi vianze saa kumi na mbili jioni. Nilishaongea na wenzangu wa meza, na wote tuko tayari kuongeza kidogo kwenye ada ya mwezi ujao kama pesa hiyo itakwenda kwenye ukuta.