Lakrosi kwa mtoto anayeanza: mpira laini au ligi?

Lakrosi ni mchezo wa timu wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu nchani. Wazazi wenzangu huku Marekani huuliza sana: mtoto aanze na lakrosi ya mpira laini, au ligi, yenye mechi na mpira mgumu? Kwa gharama, mpira laini unashinda: fimbo ya plastiki inatosha, na hakuna kugongana. Ligi humdai mvulana helmeti, glavu, kinga ya mabega na ya meno, navyo humbana akirefuka. Msichana huanza na miwani ya kinga na kinga ya meno. Wavu wa fimbo nao hulegea ukilowa, lazima uukaze kamba.

Ila mpira mgumu wa ligi ndio unaofundisha mkono: mtoto anausikia uzito, anaitikisa fimbo taratibu ili usimchoropoke akikimbia. Ule laini ni mwepesi mno.

Wa miaka 6 anayeogopa kugongwa, mpe laini. Wa 11 anayelilia mechi, msajili ligi.