Santuri za new wave: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

New wave ni pop na roki ya Uingereza na Marekani ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Kanuni yangu ni moja: tazama mwaka kabla ya jalada. Kati ya 1978 na 1982 hukosei sana. Kuanzia 1984, toa pesa kwa mkono mzito.

1. The Human League, Dare (1981). Kama una pesa ya santuri moja tu, chukua hii. Mwaka mmoja nyuma kundi lilikuwa limevunjika. Mwimbaji wao, Philip Oakey, akaingia klabu moja ya Sheffield, Uingereza, akawaona wasichana wawili wa shule wakicheza, akawaajiri. Hawakuwa waimbaji! Ni vinanda vya elektroniki na mashine ya ngoma ya Linn mwanzo mwisho, na kwa sababu muziki wenyewe ni msafi, mkwaruzo mmoja utakupigia "tap, tap" kila sahani inapozunguka. Iinamishe chini ya taa. Vijistari kama unywele havina neno, lakini ukipitisha ukucha ukanasa, irudishe.

2. Blondie, Parallel Lines (1978). Iliuzwa kwa mamilioni, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni adimu. Jalada lina michirizi myeupe, na weupe huo hugeuka manjano. Hapo ndipo pa kuombea punguzo.

3. Talking Heads, Remain in Light (1980). Walikuwa wakimsikiliza Fela Kuti wa Nigeria, na inasikika: gitaa zinazunguka palepale, ngoma juu ya ngoma. Masikio yaliyozoea dansi hayatapata shida. Ingekuwa juu zaidi, ila si ya kupigwa wageni wakiwa wanakula.

4. Duran Duran, Rio (1982). Uliza imechapishwa wapi. Marekani ilitolewa tena mwaka huohuo ikiwa na nyimbo kadhaa zilizochanganywa upya. Mimi nataka ya Uingereza. MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, ilifunguliwa Agosti 1981 ikiwa na njaa ya video, na hawa vijana wakaenda kupiga zao Sri Lanka. Kuanzia hapo sura ikaanza kuuza kuliko wimbo, na kwangu anguko la new wave linaanzia humo humo kwenye ushindi.

Mikusanyiko ya nyimbo bora? Ya kusikilizia ukipika.

Mwisho kabisa, za 1984 kwenda mbele. Kinanda cha Yamaha DX7 kilitoka 1983, na baada ya muda mfupi kila studio ikawa na sauti zilezile za kiwandani. Human League walikaa miaka mitatu ndipo wakatoa Hysteria, ambayo haikufika pale Dare ilipofika. Duran Duran nao 1985 walijigawa makundi mawili. Santuri hizo zimejaa kwenye maboksi ya sakafuni. Nunua ukipenda picha.

Na utoe sahani ndani ya jalada kabla hujalipa. Dare yangu ya kwanza niliifungulia nyumbani, nikakuta kwaya ya Krismasi.