Spider-Man watatu na mimi fundi wa mabuibui

Baada ya Idi mafundi cherehani tunakaa kama wavuvi wa mbalamwezi. Wiki tatu nzima hulali, watu wanakupigia simu saa saba za usiku wakiulizia gauni, halafu sikukuu ikipita hakuna hata wa kupunguziwa suruali. Mwaka huu kipindi hicho kiligongana na likizo ya mpwa wangu, yuko kidato cha kwanza, na alikuja dukani na ubishi wake mkononi: Spider-Man ni Tom Holland, hao wengine wazee tu.

"Mjomba, huyo Tobey Maguire mwanafunzi gani ana sura ya mwenye watoto wawili?"

Basi nikampa flash na hela, aende kwa jamaa wa muvi pale mtaani akajaziwe zote nane za mpaka 2021. Tatu za Maguire, kuanzia 2002 hadi 2007. Mbili za Andrew Garfield, 2012 na 2014. Tatu za Holland, 2017, 2019 na 2021. Tuliziangalia kwenye televisheni ndogo ninayoiweka juu ya meza ya kukatia, siku sita mfululizo, cherehani ikiwa kimya. Haya ni maoni yangu, na nayatoa kwa jicho la fundi, kwa sababu huyu ndiye steringi pekee mkubwa ninayemjua ambaye anatakiwa aonekane amejishonea mwenyewe. Batman ana hela. Superman nguo alikuja nayo. Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man akivua barakoa, ni kijana wa Queens, New York, asiye na kitu, na mimi ninachotaka kujua ni kimoja: ukimtazama, unaamini kwamba huyu amekaa usiku na sindano, na kesho yake mwenye nyumba atamgongea mlango?

Niseme pia kwamba ya kwanza nilishaiona zamani Tanga, kibanda umiza, nikiwa mdogo. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kushona mabuibui, aliposikia nimekwenda kumwona "mtu wa buibui" aliuliza kwa utulivu kabisa, "Mwanamume? Sasa anavaa kwa sababu gani?" Sikuweza kumweleza. Mpaka leo nikishona buibui la mteja huwa nacheka peke yangu.

Turudi kwa Maguire. Mpwa wangu kwenye umri ana hoja. Jamaa alikuwa na miaka 26 filamu ya kwanza ilipotoka, na anaanza akiwa sekondari. Lakini Garfield naye alikuwa na 28, kwa hiyo hapo wote wawili wamefeli, na Holland, aliyekuwa na 21, ndiye anayefanana na mtu anayebebeshwa begi. Nilimkubalia hiyo pointi mapema ili nipate nafasi ya kumbana kwingine.

Nguo ya kwanza kabisa ya Maguire ni sweta jekundu lenye buibui wa kuchora, anaingia nalo kwenye mieleka kutafuta dola 3,000 anunue gari. Hiyo nguo naiamini. Ni kazi ya mtu mwenye rangi, kitambaa na jioni moja. Anashinda, promota anampa dola 100, eti tangazo lilisema dakika tatu na yeye kammaliza mtu kwa mbili. Mfanyabiashara yeyote wa hapa mtaani anamjua promota huyo.

Halafu ghafla anatokea na lile vazi lenyewe, utando umetuna juu ya kitambaa mwili mzima, mstari kwa mstari, macho ya fedha, hakuna mshono unaoonekana. Hapo nilisimamisha picha. Mpwa wangu akauliza nini tena. Nikamwambia kazi ile mimi na mafundi wenzangu wawili tungeikalia wiki kadhaa, na hatuna uhakika. Kitambaa cha kuvutika ukikipandishia kitu kigumu juu, kikivutwa kile cha juu kinabanduka. Filamu inakuonyesha michoro kwenye daftari, basi, imetoka hiyo. Huo ndio uongo mkubwa kuliko wa buibui kumng'ata mtu.

Lakini ya pili, ya 2004, inalipa deni lote. Sijui waandishi wake waliishi wapi kabla ya kutajirika, ila walipanga. Inaanza na pizza nane juu ya pikipiki ndogo. Foleni, kachelewa, anavaa nguo ya kazi ya pili ili afikishe kazi ya kwanza, anamaliza kwa kutokea kwenye chumba cha mafagio ambacho mlango haufungi, fagio linaanguka kila akirudishia. Mpokeaji hatoi hela kwa sababu muda umepita. Anarudi, anafukuzwa. Kwenye siku yake ya kuzaliwa Aunt May, ambaye kwetu angekuwa mama mkubwa kwa kuwa ni mke wa ndugu wa baba yake, anamlazimisha apokee noti ya dola 20 huku mwenyewe benki inamdai nyumba. Noti hiyohiyo mwenye nyumba anakuja kumnyakua mkononi.

Kisha kuna vitu viwili vidogo ambavyo mtu wa nguo hawezi kuvisahau. Cha kwanza, anafua vazi lake pamoja na nguo nyeupe, na linachuja. Jekundu na bluu kwenye weupe! Nilipiga meza. Nimeshalipa shati la mteja kwa kosa hilohilo. Cha pili, nguvu zimemwishia, hawezi kupanda ukuta, inabidi ashuke kwa lifti akiwa amevaa vile. Anaingia mtu mwingine, anasifia nguo, anamuuliza kaipata wapi. Anajibu kaishona mwenyewe. Yule anasema inaonekana haina raha, naye anakiri kwamba inawasha, na inambana huku chini. Hapo nguo ya Spider-Man inazungumzwa kama nguo.

Na kuna binti wa mwenye nyumba anayemletea kipande cha keki na glasi ya maziwa, anakaa amsubiri ale. Hawaambiani kitu cha maana. Mpwa wangu alitaka kuruka mbele, nikamzuia.

Treni sitaieleza sana, kila mtu anaijua. Vazi limechanika, barakoa imetoka, amesimamisha mabehewa kwa mwili wake mwenyewe, anazimia, na abiria wanampokea na kumpitisha juu ya vichwa vyao hadi ndani. Wanaona ni kijana mdogo tu. Vitoto viwili vinamrudishia barakoa na kuahidi kwamba hawatasema. Hapo mpwa wangu alinyamaza, na mimi sikumwambia kitu, maana ushindi mwingine ukiusema unaupoteza.

Ya tatu, ya 2007, ina maadui wengi kuliko viti na nguo nyeusi ambayo ni ile nyekundu iliyotiwa wino. Tupite.

Andrew Garfield nilikuwa namdharau, nimsafishe jina. Huyu mtu alimpenda Spider-Man kabla hajalipwa kumpenda. Mwaka 2011 alijitokeza Comic-Con, yale maonyesho ya vitabu vya michoro na muvi kule San Diego, mbele ya mashabiki, amevaa lile vazi la bei rahisi la dukani, akawaeleza alivyokuwa anamwona Spider-Man tangu utotoni. Inaonekana kwenye mwili wake. Akivaa barakoa anachuchumaa, anajikunja, anatikisa kichwa kama mdudu anayesikiliza. Maguire akivaa barakoa unaona mtu aliyevaa barakoa. Garfield ukimwona kwa nyuma tu, unajua.

Na filamu yake ya kwanza ndiyo pekee ya zamani inayoonyesha angalau kijana anatafuta kitambaa. Anapekua mtandaoni, analalamika kwamba kila kitu ni kile kitambaa cha kuvutika tu. Karibu kwenye biashara, mdogo wangu. Macho anayatoa kwenye miwani ya jua. Tatizo, vazi lenyewe lilipokamilika sikulipenda: macho ya njano, na lina mistari ya ovyo miguuni kama kiatu cha mpira. La pili, la 2014, ndilo zuri kuliko yote nane. Macho makubwa meupe, bluu iliyotulia, kitambaa kinakunja kwenye kiwiko na kupepea upepo ukipiga. Nguo inayokunja ni nguo ya kweli.

Ila kwa kipimo changu cha kodi, Garfield anaanguka. Ana ubao wa magurudumu, nywele zake zimekaa vizuri hata akilia, na sijaona hata mara moja akihesabu chenji. Mtoto huyu hajawahi kukosa nauli.

Sasa ya 2014 ilitufanyia kisa. Tunafika kwenye mnara wa saa, Gwen, mpenzi wa Peter, anadondoka, Peter anarusha utando, ncha ya utando inafunguka kama vidole vya mkono unaotaka kumshika, na faili likaganda. Likarudi mwanzo. Tukajaribu tena, likaganda palepale. Nilifunga duka nikaenda mwenyewe kwa jamaa wa muvi.

Akaniangalia kama mimi ndiye nimeiharibu. "Bro, hiyo ndiyo mwisho wake."

"Mwisho wake vipi, binti yuko hewani?"

"Director ndiyo kaipanga hivyo. Ya suspensi."

Tulibishana kidogo, akaniwekea nakala nyingine, akataka nilipe tena. Nililipa. Usiku tukaona kwamba utando unamfikia, lakini umechelewa kwa kiasi cha pumzi moja tu, na kichwa kinagonga chini. Kwenye vitabu vya michoro jambo hili lilitokea 1973, kwa hiyo wasomaji wake walikuwa wanalisubiri tangu huyo dada alipotokea na koti lake la kijani. Mpwa wangu hakuwa analisubiri. Aliondoka kwenda kulala bila kuaga. Asubuhi aliniambia afadhali ile nakala ya kwanza.

Tukaingia kwa Holland, na hapa ndipo mimi na yeye tuligombana kikweli.

Hoja yangu: nguo kanunuliwa. Kabla ya hapo alikuwa na yake, tracksuit na kofia na miwani ya ajabu ajabu, yaani nguo ya kuaminika kabisa, halafu Tony Stark, yule tajiri Iron Man, anakuja Queens na kumpa vazi lenye macho yanayofumba na sauti ya mwanamke ndani. Kwenye ile ya 2019 ndiyo balaa: yuko ndani ya ndege, anachezesha mikono hewani, anachagua rangi, mashine inatoa vazi zima tayari. Dakika mbili. Hakuna aliyempima hata kiuno! Nilimwambia mpwa wangu kwamba hii ni filamu ya kutisha, siku mashine hiyo ikifika Kariakoo tutahama mji.

Hoja yake, na niiandike kwa haki: "Mjomba, lakini ndiyo maana ananyang'anywa." Kweli. Kwenye ile ya 2017 Stark anamvua vazi na kumwambia kama bila nguo hiyo yeye si kitu, basi hastahili kuwa nayo. Anarudi kwenye tracksuit yake. Jengo linamwangukia, zege juu ya mgongo, na huyu mtoto analia. Anaita watu wamsaidie, kwa sauti ya mtoto aliyebanwa na mlango. Hakuna wa kumsikia. Anaona kwenye dimbwi la maji nusu uso wake na nusu barakoa, anajiambia haya, na anainuka taratibu. Maguire angelikuwa amekunja uso kiume. Garfield angelikuwa amelia vizuri. Holland alilia vibaya, na ndivyo mtu wa miaka 15 anavyolia.

Ya 2021 wanakutana wote watatu, na kama umezipanga kama sisi, moja baada ya nyingine ndani ya wiki, utaona vitu ambavyo aliyeruka hawezi kuviona. Maguire anasema mgongo unamuuma, Garfield anamnyoosha, mlio unasikika. Wawili wanashangaa utando wa Maguire unatoka mwilini, wa kwao wanautengeneza. Kisha MJ, mpenzi wa Holland, anaanguka kutoka juu, Holland anashindwa kumfikia, na Garfield anaruka kumfuata. Hamrushii utando. Anamshika kwa mikono. Wakitua anamuuliza kama yuko salama, halafu ni yeye anayetaka kulia, na MJ ndiye anayemuuliza yeye. Mpwa wangu alinishika kiwiko. "Mjomba, yule wa mnara."

Ndiyo, yule wa mnara.

Kuhusu hukumu, tulikuwa tumefika moja moja na ubishi ulikuwa umetuchosha. Kisha ikaja ile sehemu ya mwisho, baada ya kila kitu, watu wote wamemsahau kwa uchawi. Holland anapanga chumba. Kuta tupu, maboksi, kitabu cha kujisomea mtihani kwa sababu hata shule haimkumbuki. Mwenye nyumba anamkumbusha kodi ni tarehe moja na asichelewe. (Ya mwezi mmoja! Angekuwa Tandika angetoa miezi sita mbele na ya dalali juu.)

Kamera inasogea mezani, na mpwa wangu ndiye aliyeona kabla yangu. Alisimamisha picha mwenyewe safari hii.

"Mjomba, ile si cherehani?"

Ilikuwa cherehani. Kitambaa kiko pembeni, bluu inayong'aa na nyekundu. Nikamwambia arudishe nyuma kidogo nione ameweka uzi gani.