Kuunganisha mkondo wa data na hifadhidata kubwa: ulipie mfumo gani?

Kabla ya kulinganisha bei, piga hesabu. Ikiwa mkondo huleta matukio 20,000 kwa sekunde, kila moja likihitaji rekodi kutoka hifadhidata, na hifadhidata hujibu kwa milisekunde 2, lazima maombi 40 yawe njiani kila wakati. Programu inayouliza moja na kungoja jibu ndipo iulize jingine humaliza matukio 500 tu kwa sekunde. Mfumo wa namna hiyo usiununue hata kwa bei ya kutupa.

Nafasi ya kwanza tunaupa mfumo unaoweka nakala ya jedwali palepale mkondo unapochakatwa. Debezium, programu ya kunasa mabadiliko, husoma logi ya mabadiliko ya hifadhidata za Postgres au MySQL na kuyapeleka Kafka, mfumo unaohifadhi na kusambaza mikondo ya data. Flink au Kafka Streams, zana za kuchakata mkondo, huyatunza ndani ya RocksDB, hifadhidata ndogo iliyo kwenye diski ya mashine ileile. Hakuna swali linalovuka mtandao, kwa hiyo fedha zako ziende kwenye SSD za ndani ya mashine.

Una mitego miwili. Kafka Streams hudai idadi ya patisheni (mafungu ambamo Kafka hugawa data) ilingane upande wa mkondo na wa jedwali: zikiwa 12 kwa 16, programu haianzi. Hilo afadhali, maana utaliona. Kibaya ni idadi kulingana huku funguo zikigawanywa tofauti: programu ya Java inayoandika Kafka hutumia kanuni ya kugawa iitwayo murmur2, ilhali librdkafka, maktaba ya lugha ya C, kwa kawaida hutumia CRC32. Rekodi hazikutani na hakuna kosa linaloonyeshwa. Mtego wa pili: Debezium ikisimama, Postgres hulimbikiza WAL (logi yake ya mabadiliko) hadi diski ijae. Kuanzia toleo la 13, weka kikomo kwa mpangilio wa max_slot_wal_keep_size, ukijua kwamba kikipitwa utanakili jedwali upya.

Ya pili ni nakala nzima kwenye kila mashine, kama GlobalKTable ya Kafka Streams. Patisheni hazihitaji kulingana, lakini rekodi milioni 10 za baiti 200 ni GB 2. Kwa mashine 8, GB 16. Kwa jedwali dogo tungeanza na hii. Kwenye Flink, data ya namna hii hukaa kwenye RAM.

Ya tatu: kuuliza hifadhidata bila kungoja, pamoja na kache (kumbukumbu ya majibu yaliyokwisha kupatikana). Kache ikijibu asilimia 90, hifadhidata hupokea maswali 2,000 badala ya 20,000. Inafaa jedwali likiwa kubwa mno kunakiliwa. Ila mfumo ukiwashwa upya kache huwa tupu, na yote 20,000 huiangukia hifadhidata. Weka kikomo cha maombi ya sambamba kabla ya siku hiyo.