The Equalizer: nimeitazama mara mbili, bandani na nyumbani

Mara ya kwanza niliiona banda la video hapa Ngamiani, Tanga. Shilingi mia tano, feni moja, benchi la kuumiza mgongo. Ilikuwa imetafsiriwa, na mtafsiri hakufunga mdomo. Nilitoka na kitu kimoja tu kichwani: steringi kawachapa Warusi.

Juzi nimeirudia kwa mama mdogo, Makorora, ikiwa na sauti yake yenyewe. Kumbe nilikuwa sijaiona.

Ni ya 2014, kaiongoza Antoine Fuqua. Denzel Washington ni McCall, jasusi mstaafu anayefanya kazi duka la vifaa vya ujenzi Boston. Usingizi haumjii, basi usiku anakwenda mgahawani na kipakiti chake cha chai kakikunja kwenye karatasi laini, anaomba maji ya moto tu, anafungua kitabu. "Huyu ana msiba," mama mdogo akasema, na bado hatujaambiwa kwamba vitabu vile ni orodha ya 100 aliyoianza marehemu mkewe.

Hapo mgahawani ndipo anapozoeana na Teri, binti anayeuzwa na genge la Warusi. Teri akishapigwa hadi kulazwa, McCall hawaendei na bunduki. Anakwenda na bahasha, dola 9,800, amkomboe. Wanamcheka. Anafika mlangoni, anaufungua, anaufunga, anaufungua tena. Bandani mtafsiri alipiga kelele "anarudi huyo, anarudi!" na benchi zima likasimama. Nyumbani tulisikia mlango tu. Nilishikwa na baridi ya tumbo.

Ila ni ndefu, zaidi ya saa mbili, na nusu ya pili inajikokota. Mapigano ya mwisho mle dukani, ya misumari na vyuma, ni damu tupu. Mama mdogo alikwenda kuangalia maharage yake. Watoto wasiwepo.

Alichokipenda yeye ni kipande kidogo ambacho mimi nilikuwa nimekisahau kabisa: McCall anawalazimisha polisi wala rushwa warudishe hela waliyomtoza mama mwenye mgahawa mwingine. Mama mdogo anauza chakula stendi ya Kange. Alipiga makofi peke yake, hakusema kitu.

Sasa anaulizia ya pili, ya 2018. Bandani wanayo, ila imetafsiriwa.